Shemeji anataka kuniwekea programu ya kraki, na sauti za marehemu baba zimo humo

SWALI

Kaka mshauri, pokea salamu kutoka Isevya, Tabora.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Nyumbani nina kompyuta ya mezani ya mtumba, inatumia Windows 10, hard diski yake ni ya GB 500 na nimejaza kama GB 130 tu. Ndani mna hesabu za VICOBA yetu, maana mhasibu ni mimi. Mna kazi za kuchapa za watu wanaoniletea barua na mikataba. Mna picha za watoto. Halafu kuna kitu kinachoninyima usingizi: sauti za marehemu baba. Baba alikuwa karani wa reli hapa Tabora, na kabla hajafariki mdogo wangu alimrekodi kwenye kaseti tisa za dakika 60. Anasimulia mambo ya stesheni, ya ukoo wetu, na anaimba nyimbo za Kinyamwezi ambazo pale nyumbani hakuna mwingine anayezijua. Tulizihamishia kwenye kompyuta, ziko kwenye WAV, faili za sauti zisizobanwa.

Zamani jirani yetu mmoja mtaalamu aliniwekea Macrium Reflect ya bure. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nachomeka eksternal yangu ya TB 1, nabonyeza, inapiga picha ya diski nzima, yaani nakala kamili ya kila kilichomo. Jirani akahamishwa. Baadaye kompyuta ikaingia virusi, fundi mmoja wa mjini akapiga Windows upya. Faili za upande wa D zilipona, ila vilivyokuwa Desktop vyote vilikwenda, pamoja na picha za kipaimara cha binti yangu. Nilipotaka kurudisha Macrium nikakuta ile ya bure haipo tena. Kuna ya majaribio ya siku 30, zikiisha unalipia.

Sasa kila mtu ana lake. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni fundi, anataka kuniwekea Acronis, programu ya kubakapu, ya kraki, yaani iliyovunjwa ili isilipiwe. Anasema hakuna inayoifikia, na pia ataniwekea SSD, diski ya kisasa yenye kasi, ya GB 480 ili kompyuta iwe nyepesi. Mwanangu aliyeko chuo anasema nitumie Clonezilla. Alinionyesha: kioo cheusi, maandishi matupu, nikaogopa. Mume wangu anasema hizo zote mbwembwe, nikopi tu kwenye flashi, na ameninunulia sokoni flashi ya TB 2 kwa shilingi 25,000. Sauti za baba nimeshaziweka humo.

Nishike ya nani? Nimkatalieje shemeji bila kuleta maneno kwenye familia? Na zile picha za Macrium zilizojaza eksternal yangu, nizifute nipate nafasi?

Mama Mhasibu, Isevya


JIBU

Mwangaluka, dada yangu.

Programu tutaifikia. Nianze na hiyo flashi, maana ndiyo iliyonishtua kuliko kraki ya shemeji. Flashi ya TB 2 kwa shilingi 25,000 ni feki. Sijaiona, lakini bei imeshasema. Ndani ya vitu hivi mara nyingi kuna chipu ya GB 16 au 32, na kile kidude kinachoiongoza kimeandikiwa kiiambie kompyuta kwamba nafasi ni TB 2. Ukikopi faili za kwanza zinaingia vizuri. Ukishapita ukubwa wake wa kweli, flashi inaendelea kupokea bila kulalamika, majina ya faili unayaona, ukubwa unauona, ila ndani hakuna kitu, au kipya kimeandikwa juu ya cha zamani. Mtu anakuja kugundua mwaka mwingine anapotaka kusikiliza.

Jaribu hivi leo. Ichomoe, ichomeke tena, kisha fungua zile faili za mwisho kuziweka, moja moja, uzisikilize mpaka mwisho. Ukitaka uhakika zaidi, kuna programu ndogo ya bure inaitwa H2testw, iliyotolewa na gazeti la kompyuta la Ujerumani, c't. Inajaza flashi tupu mpaka pomoni, halafu inasoma kila kilichoandikwa na kukuambia nafasi ya kweli ni ngapi. Kwa TB 2 za bandia itachukua muda mrefu, iache usiku. Mume wako usimlaumu, nia yake ilikuwa njema na wauzaji wa vitu hivi wanajua kupanga maneno. Ila mpaka hapo hesabu kwamba sauti za baba ziko mahali pamoja tu, ndani ya hiyo kompyuta ya mtumba.

La pili ni picha za Macrium. Usifute hata moja! Nimesoma barua yako mara mbili nikishangaa: fundi alipiga Windows upya, vya Desktop vikapotea, na huku picha nzima ya diski hiyo hiyo ilikuwa kwenye eksternal kabatini. Picha za kipaimara, kama zilikuwa Desktop mwisho wa mwezi wowote ulipobonyeza, zimo. Ile ya majaribio ya siku 30 uliyoiona mtandaoni ni halali na inafungua picha zilizopigwa na matoleo ya zamani. Ipakue kwenye tovuti yao wenyewe, si kwingine, fungua faili lenye mwisho wa .mrimg, nalo litaonekana kama diski nyingine ambayo unaweza kuingia folda kwa folda na kukopi unachotaka. Picha zikishatoka na ukaziona kwa macho, hapo ndipo tuzungumze habari ya kupunguza. Hata hapo bakiza moja, ile ya mwisho kabla ya virusi.

Sasa angalia kilichotokea. Programu ilikuwa nzuri, diski ilikuwa nzuri, ulikuwa na nidhamu ya kila mwezi ambayo wengi hatuna. Kilichokosekana ni mtu mmoja pale nyumbani anayejua kurudisha. Jirani alikufundisha kupeleka, hakukufundisha kuleta. Kwa hiyo mimi nikichagua programu ya kubakapu, siulizi ina vitufe vingapi. Nauliza maswali mawili tu: siku hard diski imekufa kabisa na Windows haiwaki, nitawasha kompyuta na nini? Na kampuni ikibadilisha masharti, ile picha yangu nitaifungua na nini? La pili limekukuta wewe mwenyewe. Macrium walisitisha toleo la bure, masahihisho yake yakaisha mwanzoni mwa 2024, na leo wanauza kwa malipo ya kila mwaka. Hawakuvunja sheria, biashara ni yao. Lakini faili la .mrimg bila Macrium ni mzigo usiofunguka.

Kwa maswali hayo mwanao wa chuo amekushauri vizuri, ila amekuonyesha mlango wa uani. Clonezilla inatengenezwa na kituo cha taifa cha kompyuta cha Taiwan, ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na imetumika miaka mingi kwenye maabara za shule na vyuo duniani. Ubaya wake ndio huo ulioukimbia: kioo cha maandishi, na swali moja ukilijibu vibaya inaandika juu ya diski ambayo hukukusudia. Kuna ndugu yake anaitwa Rescuezilla. Kazi ni ile ile, ila hii ina madirisha na vitufe vya kubonyeza kwa mausi, na inakuonyesha diski zako kwa jina na ukubwa. Picha iliyopigwa na Rescuezilla inafunguka kwa Clonezilla, na kinyume chake. Mimi nakuchagulia Rescuezilla.

Haiingizwi ndani ya Windows. Unapakua faili lake, ni zaidi ya GB 1 kwa hiyo tumia bando la usiku au kaombe kwenye steshenari yenye mtandao mzuri, kisha unaliandika kwenye flashi ndogo ya kweli ya GB 4 au 8 kwa kutumia programu ndogo iitwayo Rufus. Flashi hiyo itafutwa yote, isiwe na kitu. Ukiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, Windows inabaki imelala na diski inasomwa ikiwa imetulia. Hapo jibu la swali la kwanza unalo mkononi: flashi uliyopigia picha ndiyo hiyo hiyo utakayorudishia siku ya msiba.

Kuna kikwazo kimoja kinachowatoa watu jasho. Windows 10 ukiizima kwa kawaida haizimiki kabisa, inajilaza nusu ili kesho iwake haraka, na Rescuezilla ikikuta diski katika hali hiyo inagoma. Shikilia kitufe cha Shift huku unabonyeza Shut down, hapo inazima kweli. Ikigoma tena, rudi Windows, endesha chkdsk, kile kikagua diski cha Windows, kwenye C na D, uzime upya hivyo hivyo.

Haikopi nafasi tupu, inachukua zile GB 130 zako na kuzibana, basi kwenye eksternal zitakaa pungufu ya hapo. Ukichomeka tundu la zamani la USB 2 jiandae kwa saa moja na zaidi. Ukiwa na tundu la bluu, yaani USB 3, muda unapungua sana. Na umeme? Ukikatika wakati wa kupiga picha, diski yako haiharibiki kwa sababu inasomwa tu, kinachoharibika ni ile nakala, unaifuta na kuanza upya. Ukikatika wakati wa kurudisha ndiyo kazi, maana diski inayoandikwa inabaki nusu. Basi siku ya kurudisha tafuta UPS yenye betri hai, hata ya kuazima.

Fanya hivyo kila baada ya miezi mitatu hivi, na kila mara kabla fundi yeyote hajagusa kompyuta. Nawe una sababu ya kuianza mapema: Microsoft waliacha kutoa masahihisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na siku utakapoamua kuhama ni heri uwe na picha ya kurudia. Na mwenye laptopu mpya ya Windows 11 anayesoma hapa ajue kwamba diski yake huenda imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows. Aandike pembeni ule ufunguo wenye tarakimu 48 kabla ya kuanza jambo lolote.

Programu nyingine zipo. Veeam Agent ina toleo la bure, ni ya watu wanaolinda kompyuta za makampuni, na inapiga picha huku Windows ikiendelea kufanya kazi. Kama unachukia kuzima kompyuta, hiyo ndiyo ya pili yangu. AOMEI, EaseUS na Hasleo nazo zina matoleo ya bure ambayo watu wanayasifia. Shaka yangu ni kwamba matoleo ya bure ya aina hii hupunguzwa kidogo kidogo, na hujui lini kitufe unachokihitaji kitaanza kudai pesa. Ile ya ndani ya Windows yenyewe, iliyojificha kwenye Control Panel, Microsoft walishaitangaza mwaka 2017 kuwa hawaiendelezi. Sikushauri uijenge nyumba yako juu yake.

Ila picha ya diski ni ya kuokoa kompyuta. Hesabu za VICOBA zinabadilika kila mnapokutana, huwezi kusubiri miezi mitatu. Kwa hizo weka FreeFileSync, ya bure pia. Upande wa kushoto folda zako, wa kulia eksternal, na kila baada ya kikao unabonyeza mara moja. Chagua namna ya Update, usichague Mirror. Mirror inafanya kulia kufanane na kushoto kwa kila kitu: ukifuta faili kwa bahati mbaya kwenye kompyuta, inakufutia na nakala. Ukimaliza, chomoa eksternal uiweke kabatini. Virusi vinavyofunga faili na kudai pesa, kama WannaCry ya Mei 2017, vinafunga na kila diski vinayoikuta imechomekwa.

Sauti za baba zinastahili zaidi ya hapo. Nakala ya tatu ikae nje ya nyumba, kwa sababu mwizi akiingia habebi kompyuta akakuachia eksternal. Kaseti ya dakika 60 kwenye WAV ni kama MB 600, kwa hiyo tisa zako ni GB 5 na kidogo. Zote zinaingia kwenye GB 15 za bure za Google, lakini kwa mtandao wa bando utasota. Fanya hivi: tengeneza nakala za MP3 za kbps 128, kila kaseti itakuwa chini ya MB 60, na zote tisa zitapanda mtandaoni kwa usiku mmoja. Zile WAV zenyewe, ambazo ndizo za kuhifadhi, ziweke kwenye flashi ya kweli ya GB 16 umpe ndugu yako wa Nzega au Urambo, au mwanao aende nayo chuoni. Na kaseti zenyewe msizitupe, ziwe mahali pakavu, mbali na spika.

Haya, shemeji. Acronis ni programu nzuri, hilo asikutanie mtu. Inauzwa kwa malipo ya mwaka na anayelipia anapata thamani yake. Tatizo ni kraki. Ili iingie utaambiwa uzime antivirusi, uipe ruhusa zote, na programu ya bakapu kwa asili yake inasoma kila faili ulilo nalo, pamoja na hesabu za pesa za wanakikundi wenzako. Hujui aliyeivunja alichomeka nini humo, na shemeji pia hajui. Wewe una dhamana ya watu hapo, si ya nyumba yako peke yake.

Usimwambie kraki yake mbaya, mtaishia kubishana nani anajua kompyuta. Mwambie: "Shemeji, mimi mambo ya majina siyajui. Nataka programu ambayo utanirudishia diski nzima mbele ya macho yangu, na mimi nikiangalia nijifunze." Utani kati yenu upo, utumie. Halafu mpe kazi ya kweli. Hiyo SSD ya GB 480 asiinunue. Hard diski yako ni GB 500, na Rescuezilla, kama Clonezilla, inataka diski ya kurudishia iwe sawa au kubwa kuliko ya mwanzo, hata kama umetumia GB 130 tu. Ya 480 itakataliwa, ya 512 itapita. Anunue ya 512.

Ikifika, mnapiga picha, mnaipitisha kwenye kitufe cha kuhakiki kilichomo humo humo, kisha anachomoa kabisa ile hard diski ya zamani, waya na yote, ili pasiwe na kuchanganya diski. Anafunga SSD tupu, anarudisha picha. Kompyuta ikiwaka ikiwa na kila kitu chako, umepata mwendo wa haraka na umepata jaribio la kurudisha kwa siku moja, na hard diski ya zamani unaiweka kando kama ilivyo mpaka mwezi mmoja upite salama. Isipowaka, unarudisha ya zamani na hakuna kilichopotea. Mlipe ufundi wake kama mteja mwingine, na mwambie kabisa tangu mwanzo kwamba kitufe cha kurudisha utakibonyeza wewe.